Tumeyaona Mafuvu, Miamba Je?

Ukitoka Ngorongoro kuelekea Serengeti, ukifika njia panda ya kwenda Bonde la Olduvai, unapokelewa na mafuvu mawili. Si madogo. Ni sanamu kubwa zilizowekwa juu ya jukwaa mwaka 2019, na ni nadra gari la watalii kupita bila mtu kuteremka apige picha. Moja ni la Zinjanthropus, ambaye siku hizi wataalamu wengi humwita Paranthropus boisei. Jingine ni la Homo habilis. Kazi nzuri, sina ugomvi na waliochonga.

Ugomvi wangu ni na kile kisichokuwepo pale. Bonde lenyewe lina kina cha karibu mita 90, na kuta zake ni matabaka juu ya matabaka: lava nyeusi chini kabisa, juu yake majivu ya volkano na matope ya ziwa la kale, halafu tabaka jekundu ambalo hata mtu asiyesoma sayansi hata siku moja ataliona kwa mbali na kuuliza, "Hilo nalo limekuwaje?" Hicho ndicho kitu cha ajabu kuliko vyote pale Olduvai. Lakini njia panda hakuna sanamu ya tabaka. Mafuvu yamekuwa bango, miamba imekuwa ukuta wa kubandikia bango.

Najua utasema: ndugu, nani atasafiri kilomita zote hizo kwenda kutazama matope yaliyoganda? Swali halali. Makala hii yote ni jaribio la kulijibu, kwa kupita kwenye maonyesho kadhaa ya jiolojia tuliyo nayo hapa nyumbani na moja la ughaibuni, tukiangalia lipi linafanya kazi yake na lipi linapamba tu.

Tuanze na fuvu lenyewe, maana linatusaidia kuliko linavyojua. Mary Leakey alilipata fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959. Mume wake, Louis, alikadiria kuwa lina umri wa kama miaka 600,000. Hayo yalikuwa makisio ya mtu mwenye uzoefu, lakini ni makisio. Miaka miwili baadaye, 1961, yakaja majibu ya vipimo: miaka milioni 1.75. Yaani umri uliongezeka karibu mara tatu, na historia nzima ya binadamu ikabidi irefushwe. Sasa sikiliza hapa. Umri ule haukutoka kwenye fuvu. Hakuna aliyekwangua mfupa akapata jibu. Ulitoka kwenye majivu ya volkano yaliyokuwa kwenye tabaka lile lile.

Namna yenyewe si ngumu kuieleza. Ndani ya majivu na lava kuna madini yenye potasiamu. Sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo hubadilika polepole mno kuwa gesi ya agoni. Nusu yake huchukua miaka bilioni 1.25 kubadilika. Lava ikiwa bado ya moto, gesi inatoroka. Ikishapoa na kuganda, gesi inayozaliwa humo inanaswa ndani ya punje. Kwa hiyo siku volkano ilipotapika ndiyo siku saa ilipoanza kuhesabu kutoka sifuri. Ukipima agoni iliyonaswa na potasiamu iliyobaki, unasoma saa. Fuvu lilikuwa limelala tu karibu na saa hiyo.

Ukilielewa hilo, hutalitazama tena lile fuvu kwa macho yale yale. Bila majivu, Zinj ni mfupa wa mtu asiyejulikana alizaliwa lini. Na hii ndiyo hoja yangu ya kwanza kama mkosoaji: onyesho linalotanguliza fuvu na kuacha majivu nyuma linampa mgeni jibu bila kumpa njia. Mgeni anaondoka na tarakimu, "milioni moja na laki saba na nusu", anaikariri kama namba ya simu, na akiulizwa na mwanawe "wamejuaje?" anabaki anatabasamu.

Nitende haki. Makumbusho mapya ya Olduvai, yaliyofunguliwa 2017 pembeni kabisa mwa bonde, yana jambo moja ambalo majengo mengi ya makumbusho duniani hayawezi kulinunua kwa fedha yoyote: dirisha. Yamejengwa pale pale ambapo kitu chenyewe kipo. Na maelezo anayoyatoa mwongozaji kwenye kivuli, uso ukitazama bonde na kile kilima chekundu kilichosimama peke yake katikati, ndiyo sehemu bora ya ziara. Mgeni anaoneshwa kwa kidole. Lava ile chini. Hapo palikuwa na ziwa la maji ya magadi. Hapo pekundu ni mchanga na udongo wa vijito, wekundu wake unatokana na chuma kilichoshika kutu. Halafu, baadaye sana, ardhi ya upande wa mashariki ikashuka, maji yakapata mteremko, yakaanza kukata. Bonde ni la juzi. Kilichokatwa ndicho cha zamani. Kwa uzoefu wangu wa kusimamia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, sentensi hiyo ya mwisho peke yake inawatoa jasho. Wengi wanadhani bonde na matabaka vina umri mmoja.

Ningekuwa na mamlaka, ningegeuza mpangilio: mgeni asiingie ndani mpaka kwanza amesimama pale nje na kuhesabu matabaka kwa macho yake mwenyewe. Ndani ndimo angeikuta mifupa, kila mmoja umewekewa alama ya rangi ya tabaka lake. Mfupa uliotoka kwenye lile jekundu uwe na utepe mwekundu. Basi. Kazi hiyo haihitaji skrini wala mfadhili.

(Kwa pembeni kidogo: jina sahihi ni Oldupai, ndivyo Wamaasai wanavyouita mkonge wa porini unaoota pale. Wazungu walilisikia vibaya, wakaliandika vibaya, na vitabu vikabaki navyo. Kibao kimoja kuhusu mmea huo, pembeni ya mmea wenyewe, kingetosha kuwa somo la udongo mkavu unazaa nini.)

Kuna kitu kingine humo humo kwenye makumbusho nataka ukitazame kwa jicho la jiolojia: nakala ya nyayo za Laetoli. Nyayo zenyewe ziko kama kilomita 45 kusini, zimefukiwa tena ili zisiharibike, kwa hiyo tunachokiona ni nakala. Zina miaka milioni 3.66. Watu wote hutazama vidole na kisigino, na ni kweli inasisimua kuona mtu wa kale akitembea wima kama wewe. Ila jiulize: nyayo za jana za ng'ombe wa jirani ziko wapi? Zimefutika. Kwa nini hizi hazikufutika? Kwa sababu majivu laini ya volkano yalimwagika, mvua ikanyesha kidogo tu, majivu yakalowa yakawa kama saruji mbichi, viumbe wakapita, yakakauka, kisha majivu mengine yakaja yakafunika. Mvua ingekuwa kubwa, kwisha habari. Isingenyesha kabisa, kwisha habari. Na ushahidi wa mvua hiyo upo: katika majivu ya Laetoli kuna vishimo vidogo vya matone ya mvua. Tone la mvua la miaka milioni tatu na ushee! Kwangu mimi hicho ni kitu cha kuwekewa taa yake peke yake. Mpe mtoto trei ya majivu ya jikoni na chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, mwache atengeneze matone yake, halafu mwoneshe yale ya zamani. Hatasahau mpaka anazeeka.

Sasa tutoke ndani. Si mbali na bonde, upande wa kaskazini, kuna mchanga unaohama. Ni kilima cheusi chenye umbo la mwezi mwandamo, kimetokana na majivu ya volkano, na upepo wa mashariki unakisukuma kwenda magharibi wastani wa mita 17 kila mwaka. Kinasafiri kizima kizima bila kutawanyika. Mchanga wenyewe una punje za chuma, ukiupitishia sumaku unanasa.

Nikiambiwa nichague onyesho bora la jiolojia Tanzania, nachagua hili, wala sisiti. Na sababu si mchanga. Sababu ni vile vibao vifupi vilivyopigwa ardhini nyuma yake, kila kimoja kimeandikwa mwaka ambao kilima kilikuwa hapo. Fikiria ujanja wake. Hakuna maelezo marefu. Hakuna mshale, hakuna picha ya mwanasayansi aliyevaa kofia. Kuna mwaka, umbali, na kilima chenyewe kiko kule mbele. Unapiga hatua kutoka kibao hadi kibao, unahesabu, unagawanya, unapata mwendo. Umefanya sayansi bila mtu kukuambia kwamba unafanya sayansi. Ndicho nilichokuwa nakitafuta pale kwenye mafuvu: mgeni kupewa njia, jibu alipate mwenyewe.

Jiolojia ina tatizo ambalo fizikia na kemia hazina. Ukitaka kumwonesha mtu umeme, unawasha taa. Lakini ukimwambia mtu kwamba mlima unasogea, anautazama mlima, mlima umetulia, anakutazama wewe. Vibao vya mchanga unaohama vinaziba pengo hilo kwa gharama ya saruji na rangi.

Tuhamie kusini-magharibi, Mbozi, mkoani Songwe. Kimondo. Hiki nacho kila mtu amekisikia: bonge la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita tatu, linalokadiriwa kuwa na tani 16, lililotoka angani. Wenyeji walikijua tangu zamani, dunia ya nje ikaja kukijua 1930. Walipotaka kukiona vizuri, wakachimba mtaro kukizunguka, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, nguzo ikajengewa zege. Ndiyo maana leo kinaonekana kama kimewekwa juu ya meza.

Kwa uzuri wa macho, sawa kabisa. Ila kama mkosoaji ninaona mtego. Mtu akifika bila kuambiwa, akaona jiwe la angani limekaa katikati ya shimo, atafikiri nini? Bila shaka: "Hili ndilo shimo lililochimbwa lilipoanguka." Kumbe shimo limechimbwa na watu kwa majembe. Shimo halisi la mshindo halijulikani lilipo, na maelezo yanayotolewa ni kwamba kimondo kilianguka zamani sana kiasi kwamba alama zake zimeshafutika. Sasa hiyo ndiyo hadithi yenyewe! Kutokuwepo kwa shimo kunakuambia kwamba mvua, udongo na mizizi vina nguvu kuliko pigo la tani 16. Mtaro wa maonyesho umeifunika hadithi hiyo kwa kuiga kitu ambacho hakipo.

La pili kuhusu kimondo ni hii tabia yetu ya kuorodhesha ukubwa. Ni cha ngapi Afrika, ni cha ngapi duniani. Namba za ushindani zinapendeza kwenye habari za saa mbili usiku, lakini hazikufundishi chochote kuhusu kitu. Nakupa namba nyingine. Kimondo ni takriban asilimia 90 chuma, na nikeli zaidi ya asilimia 8. Chuma ni kizito kwa ujazo karibu mara tatu kuliko granaiti. Kwa hiyo tani zote 16 zinaingia kwenye ujazo wa kama mita mbili za ujazo tu. Granaiti ya uzito huo ingekuwa kama mita sita. Namba hizo nazo utazisahau kesho, lakini mikono yako haitasahau. Chukua kipande cha chuma cha ukubwa wa ngumi na jiwe la kawaida la ukubwa huo huo, vifunge kwa mnyororo pembeni ya kimondo, kila mgeni avinyanyue. Ning'iniza na sumaku kwenye kamba. Mtoto akiona sumaku inang'ang'ania jiwe lililotoka mbinguni, umemaliza.

Na kipo kitu kimoja zaidi ambacho kimondo cha chuma kinacho na jiwe lolote la duniani halina. Ukikata kipande, ukakisugua kikang'aa, ukakipaka asidi kidogo, inajitokeza michirizi iliyopishana kama mkeka. Ni fuwele za aina mbili za mchanganyiko wa chuma na nikeli zilizokua kwa kupoa polepole mno, kwa mamilioni ya miaka, ndani ya tumbo la asteroidi. Hakuna tanuri la binadamu linaloweza kuiga, kwa sababu hakuna binadamu mwenye subira hiyo. Kwenye ncha ya kimondo cha Mbozi kuna makovu ya watu waliokata vipande vya ukumbusho. Kipande kimoja cha chuma cha aina hiyo, kilichosuguliwa na kuwekwa kwenye kioo, kingekuwa na thamani kuliko mabango kumi ya "usiguse".

Nimesema habari ya usiguse, acha nimalizane nayo. Wengi wenu mnaosoma hapa mmepita kwenye idara au shule yenye kabati la mawe. Sitaji ni wapi, maana yako mengi na yanafanana kama mapacha. Kioo kina vumbi, kufuli limeshika kutu, ndani kuna mawe thelathini ya ukubwa wa yai, kila moja na kikaratasi: jina la Kiingereza, namba, basi. Hakuna limetoka wapi. Hakuna lilikuwa chini au juu ya nini. Jiwe lililong'olewa mahali pake bila maelezo ya mahali hapo ni kama neno lililokatwa kutoka kwenye barua: unaweza kulisoma, lakini hujui alikuwa anaandikiwa nani.

Dada wa kabati hilo ni banda la madini kwenye maonyesho ya Sabasaba. Pale angalau kuna watu, tena wamejaa. Lakini sikiliza maswali yao. "Hii shilingi ngapi?" "Hili lina dhahabu?" "Nikiokota kama hili shambani kwetu nimpelekee nani?" Mimi siwacheki. Wanauliza kile ambacho onyesho limewafundisha kuuliza. Ukiweka tanzanaiti iliyokatwa na kung'arishwa juu ya kitambaa cheusi chini ya taa, umeshasema kwamba hiki ni bidhaa. Weka pembeni yake mwamba ule ule mchafu wa Mererani uliotoka nao, weusi wake wa grafaiti ukichafua mikono, uone kama maswali hayabadiliki. Mtu ataanza kuuliza "imefikaje humo ndani?", na hapo ndipo jiolojia inapoanza.

Labda unafikiri haya ni mambo ya ladha tu, wanafunzi wa uzamili wanabishana kuhusu vikaratasi. Hapana. Tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Saa chache baadaye simu zilijaa uvumi kwamba volkano imelipuka, na Serikali ikalazimika kueleza kwamba haukuwa mlipuko: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikameguka, ikaporomoka pamoja na tope.

Uvumi ule haukutoka kwa watu wajinga. Hanang ni mlima wa volkano, hiyo ni kweli, kila mtoto wa Manyara anafundishwa hivyo. Kisichofundishwa ni kwamba mlima wa volkano uliolala bado unaweza kuua bila kuamka. Majivu ya kale na miamba iliyooza kwenye mteremko mkali, ukivilowesha kwa siku kadhaa, havihitaji moto. Vinahitaji uzito na utelezi. Watu walikuwa na neno moja tu la kuogopa mlima, neno volkano, wakalitumia.

Sasa niambie, ni onyesho gani la jiolojia umewahi kuliona likikueleza hilo? Mimi nimetafuta mezani, si mlimani: trei iliyoinamishwa, udongo, mawe madogo, kopo la kumwagilia. Unamwaga maji taratibu. Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea, na wanaotazama wanaanza kuchoka. Halafu ufa mdogo unajichora juu. Halafu vyote vinashuka kwa mpigo mmoja. Ufa ule mdogo wa juu ndiyo somo zima, kwa sababu ndicho kitu ambacho mchungaji wa mbuzi mlimani anaweza kukiona mapema na kukisema. Trei kama hiyo inastahili kuwepo kwenye kila shule iliyo chini ya mlima, Hanang, Meru, Rungwe, na hata milima isiyo ya volkano kama Uluguru na Usambara. Inawafaa kuliko lile kabati.

Nilikuahidi onyesho moja la nje. Kule Grand Canyon, Arizona, Marekani, tangu 2010 kuna njia ya miguu pembezoni mwa korongo inayoitwa Trail of Time. Kila mita moja wamepigilia kialama cha shaba ardhini, na kila mita ni miaka milioni moja. Njiani wameweka mawe halisi kutoka ndani ya korongo, kila jiwe kwenye umri wake, na unaruhusiwa kuyashika. Unatembea, na kila hatua unapoteza karibu miaka milioni. Miguu inaelewa kabla kichwa hakijaelewa.

Wazo hilo ni zuri, lakini tusilinakili kikasuku. Kwa kipimo hicho Olduvai yote, yenye historia ya kama miaka milioni mbili, ni mita mbili. Umepiga hatua mbili umemaliza, na mwongozaji bado hajafungua mdomo. Laetoli ni hatua nne. Kwa hiyo pale Olduvai kipimo kingefaa kiwe kingine kabisa, mita moja kwa miaka elfu kumi labda, ili mtu atembee mita 200 kabla hajafika kwenye lava ya chini.

Lakini Tanzania kwa ujumla? Hapo kipimo cha Arizona kinatufaa sana, kuliko hata wao. Anza leo. Uhuru wa 1961 uko chini ya unene wa karatasi. Binadamu wa aina yetu, kama sentimita 30. Laetoli, mita tatu na nusu na kidogo. Mijusi mikubwa ya Tendaguru, Lindi, mita 150, uwanja mmoja na nusu wa mpira. Tanzanaiti, karibu mita 580. Halafu unatembea, unatembea, jua linakuwakia, hakuna kitu chenye mifupa, na ukishapita kilomita mbili na nusu ndipo unakutana na granaiti ya Mwanza.

Nimetaja Tendaguru, siwezi kupita kimya. Mnyama mkubwa kutoka pale, mwenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, amesimama Berlin katika Museum für Naturkunde. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na mamia ya vibarua wa Kiafrika chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, ikabebwa mabegani kwa siku kadhaa hadi Lindi, ikapakiwa melini. Mjadala wa kuirudisha ni wa haki, na uendelee. Mimi naongeza jambo ambalo silisikii kwenye mjadala huo: kilichobebwa ni mifupa. Vilima havikubebwa. Matabaka bado yako Lindi, ya mijusi na ya bahari yakipokezana, yenye makombe na konokono wa baharini yakituambia kwamba pwani ilikuwa inaingia na kutoka huku wanyama wale wakiishi ukingoni. Berlin wana mnyama asiye na nyumba. Sisi tuna nyumba, na hatujaiwekea hata kibaraza. Tunaweza kuanza kesho bila kusubiri barua kutoka Ujerumani.

Pingamizi la fedha nalijua. Lakini orodha niliyotoa hadi hapa ni utepe, sumaku, trei, saruji, rangi na majivu ya jikoni. Gharama kubwa iko kwenye kuandika maelezo kwa Kiswahili kinachosemeka, na hapo wa kulaumiwa ni sisi wenyewe tuliosomeshwa. Tukishindwa tunajificha kwenye istilahi. "Miamba mashapo" ni neno zuri kwa anayelijua, lakini kwa mtu aliyekuja na wanawe Jumapili andika "tope lililogeuka jiwe", halafu istilahi ije baadaye. Visukuku, tabaka, ufa, majivu, kokoto, mfinyanzi: lugha tayari ina vitu hivi.

Basi nami nijaribu, ili usiseme nakosoa tu. Mwanza. Watu wanaziita mawe ya kubebana, na wageni wengi huamini kwamba zamani kuna mtu aliyapanga. Ningepewa nafasi ya kibao kimoja pale karibu na Jiwe la Bismarck, ningeandika hivi:

"Jiwe hili ni granaiti. Lilipoa chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, kabla duniani hapajawa na samaki, jani wala mdudu. Hakuna aliyelipandisha hapa. Lilikuwa sehemu ya mwamba mmoja wenye nyufa. Maji yaliingia kwenye nyufa yakaozesha kona, kisha mvua ikaosha udongo laini, mawe yakabaki yameketi palepale yalipozaliwa. Pitisha kidole hapa: punje zinazong'aa ni za kwatzi, zile za waridi au nyeupe ni feldispa. Feldispa huoza ikawa mfinyanzi. Kwatzi haiozi, ndiyo mchanga unaoukanyaga."

Kibao hicho kiwekwe chini, usawa wa macho ya mtoto wa darasa la tatu, mita moja pembeni ya jiwe, ili kisiingie kwenye picha.